Aliyefaidi kwa Mafuta Alipe



Katika mkutano wa tawi uliopita mwenzetu mmoja wa karakana alisimama akauliza: "Haya mambo ya joto la dunia yatuhusu nini sisi watu wa reli? Sisi tuna shida ya mishahara." Wengi walimpigia makofi. Sisi tunaokaa Kuze hatukupiga makofi, wala hatukumzomea, kwa maana swali lake ni la haki na lataka jibu. Kwa hiyo tumeomba nafasi katika jarida hili.

Jibu letu ni kwamba jambo hili ni la mshahara. Yanatuhusu kwa sababu hivi sasa sisi ndio tunaolipa, na tunalipa kutoka katika mshahara ule ule ambao mwenzetu anaulilia.

Tuanze nyumbani. Mji wa Kale umekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na mtu asiwadanganye kwamba bahari inaingia vyumbani mwetu Kuze. Haiingii. Yanayoingia ni maji ya mvua. Zamani mvua ikinyesha maji yalishuka mitaroni mpaka baharini, upande wa Bandari ya Kale, na asubuhi njia zilikuwa zimeoshwa. Siku hizi mvua huja kwa kishindo, maji ya wiki moja kwa saa tatu, na ikikutana na bamvua, mtaro hauna pa kumwaga. Maji husimama kwanza, kisha hurudi yalikotoka.

Mwisho wa mwaka 2023, katika zile mvua za El Nino, tuliamshwa saa nane za usiku na kelele za watoto, tukashuka tukakuta viatu vinaelea. Tulipandisha magodoro orofani. Shangazi yetu mmoja, mjane auzaye mahamri na mbaazi barazani pake, alipoteza magunia mawili ya unga, na sukari, na mkaa. Ilimbidi akope ili aanze tena. Aliyemkopesha hatutamtaja, na riba yake tunaona haya kuitaja. Sisi jamaa tulichanga. Wawili kati yetu walikosa kwenda kazini siku mbili kwa kutoa tope, na siku zile zikakatwa. Sasa jumlisheni ndugu zangu: unga, riba, mchango, siku mbili za kazi. Hayo ni malipo, na hakuna mtu hata mmoja aliyeyaandika mahali.

Hatutaki kudanganyana. Mtaro wetu ulikuwa umejaa mifuko na makopo, na waliotupa ni sisi wenyewe na watoto wetu. Kosa hilo ni letu na tulitengeneze wenyewe. Lakini makopo hayapandishi bahari. Wanasayansi wanaokusanywa na Umoja wa Mataifa wamepima na kuandika kwamba kati ya mwaka 1901 na 2018 maji ya bahari za dunia yalipanda sentimita 20 kwa wastani. Mwaka 1901 ndio mwaka reli kutoka Mombasa ilipofika ziwani. Yaani tangu babu zetu wapigilie msumari wa mwisho kule Kisumu, bahari imepanda karibu shibiri moja, na mwendo wake unazidi mwaka hata mwaka. Shibiri moja si kitu maji yakiwa mafu. Siku ya bamvua, pamoja na mvua na upepo wa kusi, shibiri hiyo ndiyo inayofunga mdomo wa mtaro. Na mvua yenyewe ina sababu yake: hewa ikipata joto la digrii moja zaidi, huweza kubeba mvuke zaidi kwa kadiri ya sehemu 7 kwa mia, na ulichobebwa juu lazima kishuke chini.

Tazameni Fort Jesus. Mawimbi yalikuwa yakila mwamba chini ya ngome, ikabidi ujengwe ukuta wa bahari kuilinda. Tulifurahi, kwa sababu ngome ile ni yetu na huleta wageni. Lakini tulipokuwa tukipita pale tulichekeshana, kwamba Mreno aliyekufa miaka mia nne iliyopita amepata ukuta kabla ya shangazi auzaye mahamri. Na ukuta ule haukulipwa na mwenye kisima cha mafuta. Ni fedha za umma.

Sisi wa reli tuna ushahidi mwingine, nao ni mchungu. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, kule Mai Mahiu, maji yalishuka kutoka upande wa Kijabe yakabeba nyumba, watu na magari. Zaidi ya watu 40 walikufa. Kwanza ilisemekana ni bwawa lililopasuka. Halafu Wizara ya Maji ikaeleza kwamba halikuwa bwawa bali tuta la reli ya zamani: njia ya maji iliyopita chini ya tuta ilizibwa na mawe, miti na udongo, maji yakajikusanya nyuma yake kama ziwa, na tuta likashindwa. Kila mtu aliyewahi kufanya kazi na genge la njia anajua maana yake. Tuta lile na tundu lile vilipimwa kwa mvua za watu wa zamani. Mvua ya mwaka 2024 haikuwa ile. Katika mvua za miezi ile karibu watu 300 walipoteza maisha Kenya nzima.

Basi makalvati yote yapimwe upya. Matuta yaimarishwe, mitaro ya miji ipanuliwe, kuta za bahari zijengwe, mikoko ipandwe tena Tudor na Port Reitz. Kazi hiyo ni kubwa na sisi tuko tayari kuifanya, kwa kuwa ni kazi ya mikono na sisi ndio wenye mikono. Lakini nani atoe fedha?

Hivi sasa zinatoka kwetu. Tangu Julai 2024, kila lita ya petroli au dizeli inayouzwa Kenya ina shilingi 25 za ushuru wa kutengeneza barabara. Kabla yake zilikuwa 18. Mfanyakazi asiye na gari asidhani hahusiki. Yeye hulipa katika nauli ya matatu na katika bei ya nyanya za Kongowea. Barabara ikichukuliwa na mafuriko, sisi tunaitengeneza kwa ushuru huo. Usipotosha, serikali hukopa nje, na mkopo hulipwa kwa kodi inayokatwa katika karatasi ya mshahara kabla hujaiona. Aliyeumia ndiye anunuaye dawa. Aliyeuza kilicholeta maradhi anauza bado, na duka lake linapanuka.

Na wauzaji si watu wasiojulikana. Mtafiti mmoja, Richard Heede, alikaa na vitabu vya hesabu vya makampuni ya mafuta, gesi, makaa ya mawe na saruji, akaonyesha mwaka 2013 kwamba wazalishaji 90 tu ndio asili ya karibu theluthi mbili za moshi wa viwanda uliotoka duniani tangu katikati ya karne ya 18. Hesabu hiyo imeendelea kuandikwa, na mwaka 2024 ilionyesha kwamba wazalishaji 57 walihusika na sehemu 80 kwa mia za moshi wa namna hiyo tangu mwaka 2016. Watu 57 waweza kukaa katika behewa moja la abiria na viti vikabaki. Wengine ni makampuni ya watu binafsi na wengine ni ya serikali. Wote wana anwani, wana wakurugenzi, wana vitabu vya hesabu.

Tena hawawezi kusema hawakujua. Wanasayansi wa Exxon wenyewe waliwaonya wakubwa wao tangu mwaka 1977, na hesabu zao za joto zilipokuja kukaguliwa mwaka 2023 nyingi zilikutwa sawa na yaliyotokea. Shell nayo iliandikiwa na watu wake ripoti ya siri juu ya jambo hili mwaka 1988. Walisoma, wakaweka kabatini, wakaendelea kuchimba.

Majina hayo si mageni hapa. Mwaka 1960 Shell na BP ndio waliounda kampuni ya kusafisha mafuta ya Afrika Mashariki, na kiwanda kikafunguliwa Changamwe mwaka 1963. Baba zetu wengi walipata mkate pale, na hatusahau. Kiwanda kiliacha kusafisha mwaka 2013, kikabaki matangi ya kuwekea.

Sasa angalieni faida. Mwaka 2022, mafuta yalipopanda bei na sisi tukala ugali na chumvi, ExxonMobil walipata faida ya karibu dola bilioni 56, na Shell karibu bilioni 40. Mwaka huo huo, huko Sharm el-Sheikh, mataifa yalikubaliana kuwe na mfuko wa kuwalipa walioharibiwa na hali ya hewa. Mwaka uliofuata, Dubai, mataifa tajiri yakaahidi kuweka ndani yake karibu dola milioni 700. Sisi tulisoma shule ya msingi ya misheni tu, lakini hesabu ya kugawanya tulifundishwa kwa fimbo, na haijatutoka. Gawanya bilioni 40 kwa siku 365. Utakuta kwamba ahadi yote ya Dubai, kwa dunia nzima iliyoharibiwa, haifikii faida ya siku 7 za kampuni moja. Na ni ahadi ya serikali, yaani ya walipa kodi wa kule, ambao nao ni wafanyakazi kama sisi. Makampuni yenyewe hayakuulizwa.

Kwa nini twasema ni haki yetu wala si sadaka? Tuwakumbushe jambo ambalo kila mwanachama analijua. Zamani mfanyakazi akikatwa kidole na mashine, kidole kilikuwa hasara yake. Tajiri alisema: bahati mbaya, pole, nenda nyumbani. Vyama vya wafanyakazi vilikataa. Vilisema anayepata faida kutokana na mashine ndiye abebe madhara ya mashine, kama vile anavyobeba gharama ya grisi. Ilichukua miaka mingi na jasho jingi, lakini leo tuna Sheria ya Mafao ya Ajali Kazini ya mwaka 2007. Kwa sheria hiyo huhitaji kuthibitisha kwamba tajiri alikusudia kukuumiza. Yatosha kuonyesha kwamba uliumia, na kwamba uliumia kazini kwake. Twataka kanuni ile ile itoke karakanani ishuke hadi mtaroni Kuze.

Wako wanaosema hii ni ndoto. Hapa hapa petu, Owino Uhuru kule Mikindani, watu walitiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Waliambiwa ni ndoto. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikalitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikalirudisha. Na wale wanaopita na gari la moshi Kibwezi wanalijua bonde la Thange, ambako mafuta yalivuja kutoka katika bomba mwaka 2015 yakaharibu mto na mashamba. Julai 2025 mahakama ya Makueni iliamuru kampuni ya bomba ilipe shilingi bilioni 3.8. Kuamuriwa si kulipwa, hilo twalijua, na makaburi ya Owino Uhuru yanalijua zaidi. Lakini neno limekwisha kuandikwa katika mahakama za Kenya: mchafuzi hulipa.

Nje nako mambo yanakwenda, mbele na nyuma. Mkulima mmoja wa Peru, Saúl Luciano Lliuya, aliishtaki RWE, kampuni kubwa ya umeme wa makaa ya mawe ya Ujerumani, kwa sababu barafu ya milima yao inayeyuka na ziwa latishia nyumba yake. Hakutaka walipe yote. Alitaka walipe fungu lao tu la kujenga kinga, karibu nusu ya moja kwa mia, kwa kadiri ya moshi wao. Mei 2025 mahakama ya Hamm ilimkatalia, ikisema hatari ya nyumba yake si kubwa vya kutosha. Lakini majaji wale wale walitamka kwamba kampuni yaweza kuwajibika kwa madhara ya moshi wake hata ng'ambo ya bahari. Kesi alishindwa, na mlango ukabaki wazi. Miezi miwili baadaye Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema kwamba dola inayoshindwa kuwazuia wachafuzi wake yaweza kudaiwa fidia. Neno hilo liliombwa na Vanuatu, nchi ya visiwa vidogo, na wazo lilianzia kwa wanafunzi darasani.

Huko Marekani, jimbo la Vermont mwaka 2024 lilipitisha sheria kwamba makampuni ya mafuta yalipie gharama za hali ya hewa kwa kadiri ya moshi wa miaka iliyopita. New York wakafuata Desemba ile ile, wakadai dola bilioni 75 kwa miaka 25. Mwaka 2025 serikali yao ya Washington ikayashtaki majimbo yote mawili. Lakini tuangalie namna ya sheria hizo, kwa sababu ndiyo inayojibu swali ambalo mwenzetu wa Shimanzi ametuuliza mara nyingi: je, hawataongeza bei tu, tukalipa sisi? Ukitoza kwa lita inayouzwa leo, ndiyo, watatupakia sisi. Ukitoza kwa faida na moshi wa jana, kila mmoja kwa fungu lake, yule mwenye deni kubwa akipandisha bei anampa mteja jirani yake mwenye deni dogo. Kwa hiyo sisi hatutaki shilingi ya 26 katika lita. Serikali yetu ilitamka katika Azimio la Nairobi la Septemba 2023 kwamba biashara ya mafuta, meli na ndege zitozwe ushuru wa kaboni duniani. Vizuri. Lakini tuulize mapema: ushuru huo utamkaba nani, mwenye kisima au abiria wa matatu?

Meli nazo zilikaribia. Aprili 2025 shirika la meli la Umoja wa Mataifa huko London liliidhinisha mpango wa kutoza meli kwa moshi wao, na Oktoba mataifa makubwa yenye mafuta yakaushinikiza uahirishwe mwaka mmoja. Wenzetu makuli wa Kilindini walifuate jambo hilo kuliko wanavyofuata mpira wa Uingereza.

Sasa tuseme juu yetu wenyewe, maana itakuwa aibu tusiposema. Sisi watu wa reli tumekula mafuta haya. Zile garimoshi kubwa za miaka ya 1950 zilizopewa majina ya milima zilichoma mafuta mazito. Za leo zinakwenda kwa dizeli, hata zile za reli mpya ya mwaka 2017, wakati wenzetu wa Tanzania wanasafiri kwa umeme kutoka Dar es Salaam tangu mwaka 2024. Tumevuta mabehewa ya mafuta. Shimanzi na Kipevu wako ndugu zetu wanaolisha watoto kwa kazi ya matangi. Mtu akituambia, "Nanyi ni wachafuzi", tutakubali, kwa fungu letu. Lakini dereva wa garimoshi hakuchagua moto wa kuchoma, wala hakuficha ripoti kabatini. Na fidia yoyote itakayodaiwa lazima iwe na fungu la hao ndugu, la kuwafundisha kazi nyingine kabla matangi hayajakauka, wasije wakatupwa kama mataruma yaliyooza.

Kuna na Turkana. Agosti 2019 meli ya kwanza ilibeba mapipa 200,000 ya mafuta ya Kenya kutoka hapa Mombasa, baada ya kushushwa kwa malori mpaka Changamwe. Nchi inayotaka kuuza haiwezi kudai kwa mkono mmoja na kuficha mwingine. Msimamo wetu ni kwamba yakichimbwa, fungu la kutengeneza madhara litengwe kwa sheria tangu pipa la kwanza. Twajua hata ndani ya tawi hili wako wanaopinga, na waandike nao.

Swali la mwisho ndilo gumu kuliko yote, nalo liliulizwa na shangazi wa mahamri mwenyewe. Tulipomweleza haya alitusikiliza mpaka mwisho, akasema: "Wanangu, zikija zitaliwa." Hatukuwa na jibu zuri usiku ule. Tulilo nalo sasa ni hili: fedha za namna hiyo zisipite katika mfuko mkubwa wa serikali. Ziwe na wadhamini, na kati yao wawepo wajumbe wa vyama vya wafanyakazi na wa mitaa yenyewe, na hesabu zibandikwe ukutani kila robo mwaka, kama tunavyobandika hesabu za ada zetu. Hata hivyo shangazi hakushawishika sana.

Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa, wa reli na wa bandari pamoja, walipogoma, walikusanyika kila siku Majengo katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Waliposikilizwa walikuwa na hesabu: bei ya posho, kodi ya chumba, shilingi kwa shilingi. Anayedai bila hesabu huambiwa analalamika tu. Nasi tunapoteza kila mwaka bila kuandika.

Kwa hiyo tumeanza daftari. Kila mwanachama, wa Kuze, wa Majengo, wa Likoni, wa Jomvu, popote maji yalipomfikia, aandikishe tarehe, kilichoharibika, bei yake, siku za kazi zilizokatwa, na kama alikopa, alikopa kiasi gani na analipa kiasi gani. Watu wa genge la njia waandike makalvati yaliyofurika, kwa namba ya maili au kilomita. Likijaa tutapeleka nakala kwa kaunti, kwa wizara, kwa shirikisho la vyama, na kwa wakili yeyote atakayekuwa tayari kulisoma.

Daftari liko kwa katibu wa tawi, na jioni baada ya saa kumi na mbili liko Kuze, barazani kwa shangazi. Mwenye risiti aje nazo, na asiye nazo aje na shahidi.